Jinsi ya kusuka upya nyaya za trela la kempa hadi taa zisikusumbue tena

Kiangazi kikikaribia, swali huwa lile lile: "Nimenunua plagi mpya, nimefunga rangi kwa rangi, nyumbani taa zote zinawaka, nikifika njiani zimekufa." Mwingine anakanyaga breki, inayowaka ni indiketa. Mwingine anasimamishwa na trafiki na kuambiwa trela zima liko giza, ilhali kwenye dashibodi kila kitu ni shwari.

Plagi mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye njia ambayo umeme unarudia, yaani ethi, na kwenye maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu nyeusi. Ndiyo maana kubadilisha plagi peke yake kunaponya kwa wiki moja tu.

Mwongozo huu ni wa trela la volti 12 linalovutwa na Land Cruiser, Hilux, Prado au gari la aina hiyo. Taa peke yake ni kazi ya siku moja kwa mtu asiye na haraka. Ukiongeza njia ya kuchaji betri ya kempa (trela la kulala safarini), tenga siku mbili.

## Jua kwanza una mfumo gani

Usinunue hata skrubu kabla ya hatua hii. Matrela yaliyopo huku yametoka pande nyingi, na plagi mbili zinaweza kufanana umbo huku zikitofautiana kazi.

Plagi ya duara ya pini 7. Hii ndiyo iliyoenea, na ndiyo ya matrela mengi ya Afrika Kusini na Uingereza. Pini sita ziko pembeni, ya saba katikati. Namba zimechongwa kwenye plastiki kando ya kila skrubu. Tafuta tochi uzisome. Mpangilio wake, unaofuata kiwango cha ISO 1724, ni huu:

- Pini 1: indiketa ya kushoto, njano
- Pini 2: taa ya ukungu ya nyuma, bluu
- Pini 3: ethi, nyeupe
- Pini 4: indiketa ya kulia, kijani
- Pini 5: taa ya paki ya kulia, kahawia
- Pini 6: taa za breki, nyekundu
- Pini 7: taa ya paki ya kushoto, nyeusi

Trela la Australia. Hapa ndipo watu huumia. Pini 1, 3, 4 na 6 ni zile zile, lakini pini 2 ni ya taa ya rivasi, pini 5 ni ya breki za umeme, na pini 7 hubeba taa zote za paki. Ukilifunga kwenye gari lenye mpangilio wa juu, ukiwasha taa jioni unapeleka umeme kwenye breki za trela. Gari litakuwa zito na ngoma za breki zitachemka, na wewe utaanza kulaumu injini.

Trela la Marekani. Plagi yake mara nyingi ina vibapa badala ya pini za duara. Tofauti kubwa ni kwamba waya mmoja hubeba breki na indiketa ya upande huo kwa pamoja. Magari yetu mengi ya Kijapani hutenganisha taa hizo. Kubadilisha plagi hakutoshi: ama ufunge kigeuzi kinachounganisha ishara hizo, ama ubadilishe taa za trela ziwe na indiketa ya peke yake. Mimi ningebadilisha taa. Kigeuzi ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika ukiwa mbali na mji.

Plagi ya pini 13. Ni ya magari na matrela ya Ulaya ya karibuni. Pini 1 hadi 7 zina kazi zile zile, na zilizobaki ni za rivasi, umeme wa kudumu na ethi zake.

Kuhusu rangi: zichukue kama fununu. Trela lililopitia mikono ya mafundi watatu linaweza kuwa na waya wa kijani kwenye breki. Fuata namba ya pini, kisha upime.

## Vifaa

Vya kununua:

- Kebo ya trela yenye nyaya 7 ndani, kila waya milimita za mraba 1.5. Kwa ethi tafuta kebo ambayo waya mweupe ni 2.5, au pitisha waya wa 2.5 kando yake.
- Plagi na soketi mpya, za pamoja, kutoka kwa mtengenezaji mmoja.
- Sanduku la maungio lisilopitisha maji, lenye skrubu au vituo vya kubana nyaya.
- Vichwa vya waya vya kubana, na mipira ya kusinyaa kwa moto yenye gundi ndani.
- Bomba la plastiki la kukinga nyaya, raba za matundu, vifungo vya plastiki.
- Bolti za milimita 6 au 8 zenye washa za meno, kwa ajili ya ethi.
- Fyuzi na vishikio vyake.

Vya kazi: plaizi ya kubania vichwa vya waya, kisu cha kumenyea, bisibisi, drili, msasa, multimita (kipima umeme), na balbu ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili ndefu zenye vibanio.

Hiyo balbu ndiyo chombo muhimu kuliko vyote. Simaanishi ile tasta ya bisibisi ya umeme wa nyumbani, ambayo hapa haina kazi. Multimita itakuonyesha volti 12 hata kama waya umebakiza unywele mmoja wa shaba, kwa sababu yenyewe haivuti umeme wa kutosha. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75. Waya mgonjwa hauwezi kuificha hali yake mbele ya mzigo huo: balbu itafifia mbele ya macho yako.

Tahadhari ya dukani. Ukiwa Kirinyaga Road ya Nairobi, Gerezani ya Dar es Salaam au kwingineko, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe kama fedha, yawezekana ni aluminiamu iliyopakwa shaba: hupoteza umeme zaidi na kukatika haraka. Na usikubali kuuziwa waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu. Mtetemo wa barabara ya vumbi utaukata.

## Hatua ya 1: Pima gari peke yake

Tenganisha trela kabisa. Washa taa za paki za gari.

Bana waya mmoja wa balbu kwenye pini 3 ya soketi. Gusa pini 5, kisha pini 7, kwa waya wa pili. Mwite mtu akanyage breki, au kaza ubao kati ya kiti na pedali, ukaguse pini 6. Washa indiketa moja moja kwa pini 1 na 4.

Sasa rudia yote, lakini badala ya pini 3, bana balbu kwenye chuma safi cha chesisi ya gari.

Jinsi ya kusoma majibu:

- Balbu inang'aa sawasawa mara zote mbili, kwa nguvu ile ile kama ukiigusisha moja kwa moja kwenye betri: gari ni zima. Ruka hatua ya 4.
- Inang'aa vizuri kwenye chesisi lakini inafifia kwenye pini 3: ethi ya soketi ya gari ni mbovu.
- Haiwaki kote kote kwenye pini fulani: waya wa pini hiyo au fyuzi yake ina tatizo.

Kipimo hiki huchukua dakika chache, na karibu hakuna anayekifanya. Matokeo yake mtu anavua nyaya zote za trela kumbe ugonjwa uko chini ya bampa la gari.

## Hatua ya 2: Pima trela peke yake

Chukua betri yoyote ya volti 12. Weka fyuzi ya ampea 10 kwenye waya wa chanya, kwa sababu hujui kama trela lina shoti ndani.

Hasi ya betri iende pini 3 ya plagi ya trela. Gusa pini nyingine kwa chanya, moja moja, huku ukizunguka kutazama taa. Andika kinachowaka.

Kila pini iwashe taa yake tu. Ukigusa pini ya indiketa ya kushoto na taa za paki nazo zikawaka kwa unyonge, umeme umekosa njia ya kurudi kwenye taa hiyo na unapenya kwenye waya wa ndani wa balbu ya jirani kutafuta njia nyingine. Hiyo ni ethi ya taa, na ndicho chanzo cha yale maajabu ya kukanyaga breki na kuona indiketa.

## Hatua ya 3: Chora kabla ya kukata

Piga picha kila kiungio. Chora mstari wa kila waya kutoka plagi hadi taa, ukiandika rangi uliyoikuta na kazi uliyoipima. Bandika kipande cha tepu chenye namba kwenye kila waya.

Chomoa hasi ya betri ya gari kwanza, na ya betri ya kempa pia. Betri ya kempa husahaulika, nayo ina nguvu ya kuchoma waya kama ile ya gari.

Ukikuta waya ambao shaba yake imegeuka kijani au nyeusi, kata kurudi nyuma hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Ikiwa weusi unaendelea zaidi ya kiganja kimoja, tupa waya wote. Kwa matrela yanayolala pwani, kuanzia Kilifi hadi Bagamoyo, mimi huanza na kebo mpya bila hata kujadiliana: hewa ya chumvi huingia ndani ya ganda na kusafiri na shaba.

## Hatua ya 4: Upande wa gari

Ishara za taa huchukuliwa kwenye nyaya za taa za nyuma za gari. Pima kila waya kabla ya kuugusa.

Ukiwa na gari la zamani lisilo na kompyuta ya taa, kama Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, unaweza kuunga moja kwa moja. Ungia kwa kichwa cha kubana kilichofunikwa mpira wa kusinyaa. Epuka vile vibano vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya. Vinakata nyuzi za shaba na kuacha tundu la kuingizia maji.

Ukiwa na gari la karibuni ambalo hukuonya balbu ikiungua, usiunge moja kwa moja. Kompyuta itaona mzigo isioujua na kukuwashia onyo, au saketi yake ya ndani itaungua, na bei yake utaijua siku hiyo. Tumia moduli ya trela: inasikiliza tu ishara kutoka kwenye taa, halafu inawasha trela kwa umeme wake yenyewe uliotoka kwenye betri kupitia fyuzi. Fuata ukubwa wa fyuzi ulioandikwa kwenye moduli.

Jambo la indiketa: trela linaongeza wati 21 kila upande. Rilei ya indiketa, yaani swichi ya umeme inayoifanya ipepese, imeandikwa mgongoni idadi ya wati inazobeba. Ikiwa haitoshi, mwendo wa kupepesa hubadilika. Nunua rilei ya mzigo mkubwa yenye miguu ile ile.

Waya wa ethi wa soketi ufunge kwenye chesisi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Usiufunge kwenye bampa wala kwenye tauba yenyewe, kile chuma cha nyuma ya gari kinachovuta trela. Vyuma hivyo vimeshikwa na bolti zilizopakwa rangi, na huwezi kujua lini vitaacha kupitisha umeme.

## Hatua ya 5: Pitisha kebo ya trela

Kebo ipite upande wa ndani wa chuma cha chesisi, juu ya ukingo wake wa chini. Mawe yanayorushwa na matairi ya gari hupiga sehemu ya mbele ya trela kwanza.

Ivalishe bomba la plastiki mwanzo hadi mwisho. Kila inapopita kwenye tundu la chuma, weka raba. Tundu lisilo na raba hula ganda la waya polepole hadi fyuzi ianze kukatika bila sababu inayoonekana, na aina hii ya shoti ni ngumu kuipata kuliko zote kwa kuwa hutokea trela likiwa kwenye mwendo tu.

Funga kila sentimita 30. Karibu na springi na ekseli acha kebo ilegee, kwa kuwa sehemu hizo hucheza.

Inavyotakiwa kuonekana: ukishika kebo popote na kuivuta, haisogei; ukitikisa trela, haigongi chuma.

## Hatua ya 6: Sanduku la maungio

Usipeleke kebo ya plagi moja kwa moja hadi kwenye taa. Iishie kwenye sanduku lililofungwa mbele ya trela, kisha kebo ya pili ianzie hapo kwenda nyuma. Kebo ya mbele ndiyo inayoburutwa, kukanyagwa na kusahauliwa gari linapoondoka. Ikichanika, utabadilisha mita mbili badala ya kuvua trela zima.

Matundu ya kebo yatazame chini. Toboa kitundu kidogo sehemu ya chini kabisa ya sanduku ili unyevu utoke. Sanduku lililozibwa kote hugeuka birika, maana joto la mchana na baridi ya usiku hutengeneza maji ndani yake.

Chini ya skrubu, usiweke waya uliopakwa risasi. Risasi hulainika na kutandazika kwa shinikizo, skrubu ikalegea. Vilevile risasi huufanya waya uwe mgumu, ukakatika pale ugumu unapoishia. Kubana kwa plaizi sahihi kunavumilia mtetemo vizuri zaidi. Bana, kisha vuta kwa nguvu. Kichwa kikichomoka mkononi, kingechomoka njiani.

## Hatua ya 7: Ethi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Waya mmoja wa ethi hubeba mzigo wa taa zote kwa pamoja. Hesabu: taa mbili za paki na ya namba, wati 15, breki mbili, wati 42, indiketa zote zikiwa kwenye hazadi, wati 42. Jumla wati 99, zaidi ya ampea 8. Kwenye mita 8 za waya wa 1.5 unapoteza karibu volti 0.8 kwenye ethi peke yake. Kwa waya wa 2.5 unapoteza karibu 0.5. Na balbu haina huruma: ikipungukiwa na volti kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa takriban asilimia 30.

Wengi hawana waya huo kabisa bila kujua. Trela limefungwa ethi kwenye chesisi yake, na umeme unarudi kwenye gari kupitia goroli la tauba. Likisimama nyumbani, chuma kinagusana na chuma na taa zinawaka. Barabarani, grisi, vumbi na kurukaruka vinakata njia hiyo mara nyingi kwa dakika. Ndiyo siri ya "nyumbani zinawaka, njiani zinakufa".

Fanya hivi:

1. Waya mweupe utoke pini 3 hadi kwenye sanduku la maungio bila kukatwa.
2. Kutoka kwenye sanduku, peleka waya wa ethi hadi kwenye kila taa. Usitegemee bolti inayoshikilia taa, kwani mara nyingi inashikilia plastiki.
3. Kutoka kwenye sanduku hilo hilo, peleka waya mmoja mfupi kwenye chesisi ya trela. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza bolti, kisha paka rangi au grisi juu yake. Ukipaka kabla ya kukaza, unaziba njia ya umeme wewe mwenyewe.

Jaribio la ethi: tenganisha trela na goroli la tauba, weka ubao kati yake, lakini plagi iwe imechomekwa. Washa taa zote. Zikiwaka kama kawaida, ethi yako inapita kwenye waya. Zikifa, rudi mwanzo wa hatua hii.

## Hatua ya 8: Funga plagi

Pitisha kebo kwenye kifuniko cha plagi kwanza. Kila fundi anacheka akisoma hili, na kila fundi ameshawahi kufunga nyaya saba kisha akakiona kifuniko kiko mezani.

Menya kila waya milimita 6 hivi, mvalishe kichwa kidogo cha kubana, kaza skrubu. Kusiwe na uzi wa shaba unaochungulia nje. Mmoja ukigusa jirani, umeunganisha indiketa na breki.

Kibanio cha kebo kishike ganda la nje la kebo, si nyaya za ndani. Ukivuta plagi, uzito uende kwenye ganda.

Pini zenye mpasuo zikilegea, zipanue kidogo sana kwa ncha ya kisu. Paka vaselini nyembamba kwenye pini. Grisi nzito ya beringi iache kwenye beringi, maana hukusanya vumbi.

Sasa funga trela kwenye gari na ulikunje kabisa kushoto, kisha kulia. Kebo isivutike na isiguse ardhi. Minyororo ya usalama ipite njia yake. Usiifungie kebo kwenye mnyororo.

## Hatua ya 9: Njia ya kuchaji betri ya kempa

Kama kempa haina betri, ruka. Kama inayo, usijaribu kuichaji kupitia pini 2. Watu wengi hufanya hivyo kwa sababu taa ya ukungu haitumiki, halafu wanashangaa friji kuzima usiku wa pili Serengeti.

Tazama hesabu. Gari hadi kempa ni mita 8, umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 16 za waya. Kwa ampea 20:

- waya wa milimita za mraba 6 hupoteza karibu volti 1;
- waya wa 16 hupoteza karibu volti 0.4.

Alteneta ikitoa 14.2, kwa waya wa 6 betri inaona 13.2. Betri ya risasi haitajaa hata ukiendesha kutwa. Ukitumia waya mwembamba wa 1.5, usiniulize.

Kwa hiyo tumia waya wa 16, chanya na hasi zote, kwenye plagi ya Anderson ya ampea 50. Plagi hizi hazina dume wala jike. Nusu zote mbili ni sawa. Nunua rangi moja pande zote, kwani rangi tofauti zimeundwa zisiingiane. Soma alama za + na − kila unapoingiza waya, kwa sababu ukipishanisha upande mmoja unachomeka betri mbili kinyumenyume.

Vichwa vya waya wa 16 vibanwe kwa mashine ya mkono ya haidroliki. Mafundi wengi wa betri wanayo na watakubania kwa pesa kidogo. Nyundo haibani, inapondaponda.

Fyuzi au kikata-umeme cha ampea 50 kiwe karibu kabisa na betri ya gari, sentimita 30 au pungufu. Cha pili kiwe karibu na betri ya kempa. Viwili, kwa kuwa waya huu una betri kila ncha. Ukikatika katikati na kugusa chesisi, kila betri itaulisha moto kwa upande wake.

Kati ya betri mbili unahitaji kitu cha kuzitenganisha gari likizimwa, la sivyo friji itakunywa betri ya kuwashia injini:

- Gari la zamani na betri ya risasi: rilei inayosoma volti inatosha. Nyingi huunga zikifika karibu 13.3 na kuachia karibu 12.8.
- Gari la karibuni lenye alteneta inayopunguza volti yenyewe, au betri ya lithiamu: tumia chaja ya DC-DC, iwe karibu na betri ya kempa. Hupandisha volti hadi zinazotakiwa, na huzuia lithiamu isivute ampea nyingi hadi alteneta ichemke.

Inavyotakiwa kuonekana: injini ikiwa inanguruma na chaja ikifanya kazi, pima volti kwenye betri ya gari, kisha kwenye mwisho wa waya pale kempani. Tofauti isizidi nusu volti. Shika plagi ya Anderson baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, kuna kichwa kilichobanwa vibaya.

Kuhusu breki za umeme nasema machache: zinahitaji kidhibiti kwenye gari, waya wake wa peke yake, na swichi ya dharura inayofunga breki trela likichomoka. Kama trela lako linazo na hujawahi kuzifunga, mpe mtu anayezijua. Taa ikikosewa utapigwa faini. Breki ikikosewa ni jambo jingine.

## Hatua ya 10: Jaribio la mwisho

Rudisha hasi ya betri. Fanya kwa mpangilio huu, mtu mmoja nyuma, mmoja kwenye usukani:

1. Paki: taa zote mbili na ya namba.
2. Paki zikiwa bado zinawaka, kanyaga breki. Breki ziongezeke, paki zisififie.
3. Paki na breki zikiwa zinawaka, washa indiketa ya kushoto, halafu ya kulia. Inayopepesa iwe hiyo tu.
4. Hazadi, na kila kitu kikiwa kimewashwa.
5. Katika hali hiyo ya mzigo wote, pima volti kati ya pini 3 ndani ya plagi na ethi ya taa ya mwisho kabisa. Ikiwa chini ya 0.5, umemaliza. Ikizidi, kuna kiungio kinachokula umeme. Pima kipande kwa kipande hadi uipate hiyo nusu volti inakopotelea.

Kupima taa moja moja hakutoshi. Ethi dhaifu hubeba taa moja bila shida, ikashindwa zikiwa zote.

## Dalili na mahali pa kuanzia

Indiketa inapepesa haraka kupita kiasi. Balbu imeungua, au umeweka taa za LED na rilei inadhani hakuna mzigo. Tafuta rilei ya LED. Wengine hufunga resista ya omu 6; inafanya kazi lakini inageuza wati 24 kuwa joto, hivyo ifungwe kwenye chuma, kamwe si kwenye plastiki.

Paki upande mmoja haiwaki. Pini 5 au 7, au mtu aliunganisha trela lote kwenye pini moja ilhali gari linatoa mbili.

Taa za LED za trela zinamulika hafifu gari likiwa limezimwa. Kompyuta ya gari inakagua balbu. Unahitaji moduli ya hatua ya 4.

Fyuzi inakatika kwenye kona tu. Kebo inavutika au imechubuka mbele ya trela. Anzia kwenye plagi kurudi nyuma.

Kila kitu kinafanya kazi hadi mvua inyeshe. Fungua sanduku la maungio, kisha taa zenyewe. Maji yakiwa ndani ya taa, badilisha mpira wake.

Ukishapiga kipande cha kwanza cha barabara ya mawimbi, kama kile cha kutoka lango la Naabi Hill hadi Seronera au njia ya kupandisha Loiyangalani, simama ukaze upya skrubu za sanduku na bolti za ethi. Trela likiwa limeegeshwa, plagi iingie kwenye soketi tupu iliyofungwa mbele ya trela, mdomo ukitazama chini, ili nyigu wasijenge ndani yake.